Kangema, Nyumbani kwa Sheria za Mwendo

Anayetoka Pwani kwenda Kangema huiacha bahari nyuma, akapita Nairobi na Thika, kisha mjini Murang'a barabara ikaanza kupanda kuelekea milima ya Nyandarua. Huko chini hukutana na mibuni na migomba; kadiri baridi inavyozidi, miteremko hufunikwa na majani ya chai. Barabara hujipinda juu ya migongo ya vilima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili bonde. Sisi tuliozoea ardhi tambarare tulishika viti kwa mikono miwili.

Kangema ndiko alikotoka marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo na, mwaka 2003, Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Kanuni alizozitangaza zilianza kutumika Februari 2004: matatu zifungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kila abiria awe na mkanda, na madereva na makondakta wavae sare. Hadi leo Wakenya huziita sheria za Michuki.

Hata hivyo, tulipokuwa tukiteremka kurudi Murang'a, matatu yetu ilianza kushindana na nyingine. Ya nyuma ilitaka kuwawahi abiria wa kituo cha mbele, yetu ikakataa kupitwa. Vijana wa viti vya nyuma walishangilia. Ndipo mama mmoja wa makamo, kapu la ndizi miguuni pake, akasema kwa upole, "Mwanangu, sisi si mizigo. Waache wapite." Abiria wengine wakamuunga mkono, na dereva akapunguza mwendo.

Mashindano haya hayakosi utamu wake. Kijana ambaye kazi yake ni ya jasho jingi na kipato kidogo hupata jina mbele ya wenzake kwa dakika chache za usukani. Nasi wa Pwani tusidhani hiyo ni balaa ya bara pekee. Vishindo vya pikipiki zinazoshindana usiku tunavisikia tukiwa vitandani.

Lakini tuhesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari hupita takribani mita 22 kila sekunde. Mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama kwa breki huwa mara nne. Kona za Kangema hazina nafasi hiyo, wala mtoto anayevuka kwenda madrasa hana.

Dini yetu haikukataza mashindano. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi, mahali pa kuanzia na pa kumalizia pakijulikana, na alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Lakini alituamrisha pia kuipa njia haki yake, na miongoni mwa haki za njia ni kutomdhuru apitaye.

Kwa hiyo, kina mama na kina baba, kijana wetu anapojisifu kwa kufika haraka, tumuulize amefikaje, na ni nani aliyemkosakosa njiani. Tukiwa abiria, tuseme kama alivyosema yule mama: mapema, kwa adabu, na kwa pamoja. Kidhibiti mwendo huweza kuchezewa na fundi. Dereva anayeombwa na gari zima kupunguza mwendo hupata shida kukataa.