Daftari la kufa na kuzikana

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana katika mtaa mmoja wa Majengo, Tunduma, kazi niliyoirithi kwa mama. Wageni wakifika hapa hukimbilia kutazama foleni ya malori kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Mimi namtambua mgeni wa mji huu kwenye daftari.

Kurasa alizoandika mama ni za akina Sichone, Simbeye, Silwimba na Siame. Wanyamwanga watupu, wengi wao wakiwa na ndugu ng'ambo, Nakonde. Hakukuwa na kiingilio. Ukitokea msiba, kila nyumba ilileta unga, kuni na mtu wa kulala matangani.

Kisha wakaingia wenye majina yanayoanza na Mwa-, watu wa Rungwe na Kyela, na mchele wao. Wakaja akina Sanga, Wakinga wa Makete, wakafungua maduka. Lami ya Sumbawanga ilipokamilika, wakaongezeka Wafipa. Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016, na marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani Oktoba 2019, kalamu yangu haikupumzika: mawakala wa forodha, makondakta, mama lishe. Sensa ya 2012 ilihesabu Tunduma watu 97,562. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Uani kwetu, mama alipokuwa akilima mboga, sasa kuna vyumba vya kupanga, na alfajiri ndoo za maji zimejipanga kabla ya wenyewe kuamka.

Kilichotugeuza hasa ni kifo cha kijana mmoja, utingo wa lori. Alifia chumbani. Mwenye nyumba alimjua kwa jina la Utingo, basi. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, tukakaa na maiti tukisubiri mtu apige. Alipopiga dada yake, tukaambiwa kwao ni Makambako na wanataka azikwe huko. Hapo unga na kuni vingefanya nini? Gari linataka fedha.

Tukaitisha kikao, na kwa mara ya kwanza kikaendeshwa kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja alinung'unika kwamba hawezi kumlilia mtu kwa Kiswahili. Hata hivyo alichanga. Tangu siku hiyo kila jina lina kwao, namba ya ndugu na mchango wa kila mwezi. Nawasikia wanaosema wageni wameuharibu mji. Nadhani hawajawahi kubeba jeneza bega kwa bega na hao wageni. Mimi waliomzika mama yangu, nusu yao hawajui hata salamu ya Kinyamwanga.

Wenye nyumba wa Majengo, Sogea na Maporomoko, nawaomba: mnapopokea kodi ya miezi sita, mwulizeni mpangaji kwao ni wapi na nani apigiwe simu. Kisha mleteni aandikishwe.