Mikwaruzo ya Motokaa ya Kukodi Kisiwani Pemba

Msomaji mpenzi, huenda hujapata kukodi motokaa hata siku moja, na huenda huna haja nayo. Lakini ikiwa umepata kumwoza binti, basi umekodi masufuria, viti na turubai, nawe wayajua maneno ya siku ya kurudisha: "Kiti hiki kilikuwa na miguu minne kilipotoka kwangu." Maneno hayo ndiyo yaliyonikuta Pemba, ila kiti chenyewe kilikuwa na injini.

Nilikwenda huko na mama yangu mzee. Mdogo wangu ana kazi Wete, mkewe alikuwa amejifungua, na mama alisema hafi kabla ya kumshika mjukuu huyo. Tulivuka kwa meli kutoka Unguja hadi Mkoani, kusini mwa kisiwa. Wewe ukaaye bara usidhani Pemba ni mchanga na minazi tu. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, na ndivyo kilivyo: vilimani mikarafuu, mabondeni mpunga, na barabara inapanda, inashuka, inapinda, mpaka msafiri hajui tena bahari iko upande gani. Ukifika wakati wa kuchuma karafuu, harufu yake inakupokea kabla ya watu. Huchumwa zingali matumba, kisha huanikwa juani juu ya majamvi, uani na hata kando ya lami, mpaka zikauke na kugeuka rangi ya kahawia. Hiyo ndiyo fedha ya nyumba nyingi, na mnunuzi wake kisheria ni mmoja tu, shirika la serikali liitwalo ZSTC.

Kutoka Mkoani mpaka Chake Chake ni yapata kilometa 30. Mama alizipita ndani ya daladala akiwa ameshika magoti yake, na tulipofika nikaona sina budi kukodi motokaa ya siku tatu. Tukaelekezwa kwa bwana mmoja mwenye gari dogo la Kijapani. Akataka shilingi 60,000 kwa siku, na amana ya shilingi 200,000, na kitambulisho changu akakiweka mezani kwake. Akatoa karatasi isiyotimia ukurasa mmoja. Iliandikwa kwamba nimepokea gari zima, na kwamba uharibifu wowote ni juu yangu. Jua lilikuwa kali, mama amesimama, nami nikatia sahihi. Sikulizunguka gari lile hata mara moja. Msomaji, hapo ndipo kosa langu lilipo, na mengine yote ni matawi yake.

Siku ya pili tulikwenda kaskazini kumwonyesha mama msitu wa Ngezi, penye miti mirefu na popo wakubwa wa Pemba. Tulipokuwa tunakaribia Konde, lori likatokea kwenye kona likiwa katikati ya njia. Mbele yangu, upande wa kushoto, palikuwa na jamvi limejaa karafuu. Kulikuwa na njia mbili: kuzikanyaga karafuu za watu au kuteremka mferejini. Nikateremka. Mama akalia, "Yesu na Maria!" na chini ya gari pakasikika mlio wa jiwe na chuma.

Mzee mwenye karafuu alikuja mbio na vijana wake. Kwanza alimtoa mama, akamkalisha kivulini, ndipo wakalinyanyua gari. Bamba linalokinga injini kwa chini lilikuwa limepinda. Nilipotoa fedha ya soda kwa vijana, mzee akaushika mkono wangu. "Umeziokoa karafuu zangu, sheikh, kisha nikutoze?" Kuitwa sheikh kulimfanya mama acheke mpaka Ngezi.

Siku ya kurudisha, bwana yule akalizunguka gari polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilitangulia kumwambia habari za bamba. Akashukuru, akaendelea kuzunguka. Akaonyesha mkwaruzo mrefu kwenye mlango wa kulia, na ufa katika taa ya nyuma. Akahesabu: jumla shilingi 380,000. Amana yangu atakaa nayo, na mimi niongeze 180,000. Kitambulisho nitapata nikimaliza.

Meli ilikuwa kesho yake asubuhi, na bila kitambulisho sisafiri. Fedha niliyobaki nayo ilikuwa nauli yetu na ada ya shule ya mwanangu. Huko Pujini, si mbali na Chake Chake, yako magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye ukali wake ungali unasimuliwa. Jina lake maana yake ni mwenye kuwakama wanaume kama ng'ombe. Nikawaza kwamba mjukuu wake ndiye huyu amesimama mbele yangu. Niliwaza vibaya, kama utakavyoona.

Mama alikuwa ameketi barazani. Akaniita. "Mwanangu, mlango umeukwaruza wewe?" Nikasema siyo. "Na lile la mferejini?" Nikasema ni langu. "Basi lako lilipe. La pili usililipe, hata tukilala hapa."

Nikamwuliza bwana habari za bima. Ilikuwa bima ndogo, ile inayolipa madhara wanayopata watu wengine, wala hailipi gari lenyewe. Magari mengi ya kukodi ya namna hii yana bima hiyo tu, na ni vizuri kuuliza kabla ya kupanda.

Na sheria inasemaje? Sheria ya mikataba iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 ilifuata ile ya India ya mwaka 1872, na ya Zanzibar ina asili hiyo hiyo. Aliyekodi kitu anapaswa kukitunza kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake. Akifanya hivyo na kitu kikaharibika, si juu yake, isipokuwa kama waliagana vingine. Na mwenye kukodisha hubeba madhara yatokanayo na ubovu wa kitu chake, hata kama hakuujua. Lakini yaangalie maneno yale, "isipokuwa kama waliagana vingine". Ile karatasi niliyotia sahihi kwa haraka ndiyo "vingine". Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, nacho kinatenganisha mnyama wa kuazimwa na wa kukodiwa, na hasara ya wa kukodiwa kinaihesabu ndani ya ujira. Nilimtajia bwana yule. Akanijibu kwamba punda hana taa ya nyuma.

Basi tukaita fundi kutoka gereji ya jirani, mtu ambaye sote wawili tulimkubali. Akamwaga maji mlangoni, akasugua kwa kitambaa. Chini ya vumbi palikuwa na rangi iliyopakwa kwa brashi, na chini ya rangi kutu. Bwana akasema chumvi ya bahari huleta kutu upesi. "Kutu ndiyo, huja upesi," fundi akasema, "lakini haijipaki rangi." Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka, na bwana mwenyewe akacheka mwisho.

Kumbe naye alikuwa na yake. Gari alilinunua kwa fedha ya karafuu za misimu kadhaa. Mpangaji mmoja kabla yangu alilirudisha usiku, akaliacha mlangoni na kuondoka na meli ya alfajiri. Asubuhi ndipo mwenyewe akaona mlango. Tangu siku ile, akasema, kila mgeni humwona ni yule yule. Sikumsifu kwa kutaka kunilipisha deni la mtu mwingine, lakini hasira yangu ilipungua.

Ikabaki taa. Fundi aliitazama, akasema ufa hauna umri. Mimi sikuiangalia siku ile ya kwanza, wala yeye hakuiangalia. Tukaigawa nusu kwa nusu: bei yake 50,000, mimi nikatoa 25,000. Kunyoosha bamba kulikuwa 60,000. Nikarudishiwa 115,000 na kitambulisho changu. Mpaka leo sijui kama ile 25,000 nilidaiwa kwa haki.

Wewe ukikodi chochote, kiwe pikipiki au turubai, kizunguke pamoja na mwenyewe mchana. Kila alama iandikwe, nakala mbili, na kama una simu piga picha mbele yake. Hataona vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa pale barazani aliniambia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Haraka yetu sote wawili, akasema, haikutoka kitabuni.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu alilikodi gari lile lile kumpeleka mtoto kliniki. Bwana yule alimtolea daftari jipya lenye mchoro wa motokaa, mbele, nyuma na ubavuni. Mkwaruzo wa mlango wa kulia ulikuwa umetiwa alama nyekundu. Taa nayo ilikuwa na alama. Ilikuwa bado haijabadilishwa.