Kompyuta yamwonyesha mganga njia ya mzizi wa jino

Jino likiisha kutibiwa na kuzibwa, pengine linaanza kuuma tena. Fizi inavimba, usaha unatoka, na mgonjwa anaambiwa ling'olewe. Kwa mtu aliyekwisha kuacha nyumba na shamba, neno hilo ni zito: jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

Kabla ya kung'oa, mara nyingine kuna njia ya upasuaji. Mganga wa meno anafungua fizi, anatoboa mfupa mpaka kwenye ncha ya mzizi, anasafisha, anakata karibu milimita 3 za ncha hiyo, kisha anaziba kwa saruji maalum. Ni katika milimita hizo vijifereji vingi vyenye vijidudu hujificha.

Shida ni kwamba mfupa unaficha. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia mdomoni na kidevuni. Ukijeruhiwa, mdomo unaweza kubaki na ganzi, na mgonjwa hasikii hata chai ya moto.

Hapo ndipo kompyuta inasaidia. Taya linapigwa eksirei inayoonyesha pande zote, na mganga anapanga njia kwenye skrini. Kisha anaweza kutumia kibao cha plastiki kilichotengenezwa kwa kipimo cha meno ya mgonjwa huyo, chenye tundu la kuongoza chombo. Ama kamera zinafuata alama zilizofungwa mdomoni na kwenye chombo, na skrini inaonyesha palepale ncha imefika wapi. Wapasuaji wa ubongo walitangulia kutumia ufundi wa namna hiyo.

Lakini kompyuta haipasui. Mkono ni wa mganga. Kibao kisipokaa sawasawa, njia inapotea. Tena vyombo hivyo ni vya bei kali, na vinataka umeme na mganga aliyejifunza.

Kwa familia zilizo mbali na vyombo hivyo, bado kuna la kufanya. Tundu dogo lizibwe mapema. Mganga aulizwe waziwazi: "Jino hili linaweza kuokolewa?" Akijibu hapana, kung'oa si aibu, kunaondoa ugonjwa. Vidonge vya maumivu vinanyamazisha tu. Na uvimbe ukishuka shingoni, ama mtu akishindwa kumeza au kupumua, apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.