Nyumba Isiyo na Mama Katika Nchi ya Ugogo

Ukishuka Dodoma kwa treni ya umeme iliyoanza kuleta abiria mwaka 2024, usiishie kwenye majengo ya wizara. Shika njia ya kusini-mashariki uelekee Mvumi. Huko mibuyu imesimama mmoja mmoja katika udongo mwekundu, na makorongo ya mchanga hayana maji ila katika msimu wa mvua, ambao ni mmoja tu kwa mwaka. Katika nchi kavu namna hii chakula hakiliwi bila hesabu, na mwenye hesabu hiyo ni mama.

Katika tembe, ile nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, yeye ndiye ajuaye uwele uliomo ghalani utafika mwezi gani. Ndiye anayeanika mlenda majani yakiwapo, ili kiangazi pasikosekane mboga. Ndiye ajuaye pa kufukua mchanga apate maji. Mambo haya hayakuandikwa popote.

Wazee wa Ugogo wana kumbukumbu chungu za nyumba kuvunjika. Katika njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, maelfu walikufa, na wapo watoto waliowekwa rehani kwa wenye chakula.

Siku hizi msiba huja kwa njia nyingine. Katika ua mmoja tulipokewa kwa salamu ya "Mbukwenyi" na msichana wa miaka kama kumi na minne, mgongoni amebeba mtoto. Mama yao alifariki katika uzazi wa huyo mdogo. Baba yupo, na ng'ombe wachache wapo. Hata hivyo, mwaka ule wa msiba uwele uliisha kabla ya Krismasi, kwa kuwa hakuna aliyejua marehemu alikuwa akipima kwa kibuyu kipi. Binti aliacha shule. Bibi yake, ambaye macho yake hayaoni tena, alituambia, "Mwanangu, huyu sasa ndiye mama yangu. Chakula ninamwomba yeye."

Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni hatua kubwa kwa kweli, na wakunga wetu wanastahili sifa. Lakini takwimu hizo humhesabu marehemu peke yake. Binti aliyeshika jiko lake hayumo.

Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wanafunzi walioacha shule kurejea masomoni. Nilimwuliza baba kama amezisikia habari hizo. Akajibu kwamba amezisikia. Kisha akautazama mlango wa jikoni, akaniuliza ni nani atakayebaki na mtoto.