Mita Moja, Vyumba Sita

Mume wangu alipoachishwa kazi tulihamia chumba kimoja Buguruni, kwenye nyumba ya vyumba sita na mita moja ya umeme wa kulipia kabla, LUKU. Friji ndiyo iliyotulisha. Niligandisha barafu za ubuyu na ukwaju, watoto wa shule wakanunua, unga ukapatikana.

Wapangaji wenzangu wakaanza kunung'unika. Hela ya umeme tulichanga sawa kwa sawa, nao walikuwa na taa na redio tu. Walikuwa na haki, nami nikaongeza mchango. Hata hivyo usiku mmoja umeme uliisha, wa kununua hakuna, barafu zikayeyuka, na asubuhi nikamwaga mtaji wote uani. Siku hiyo nililia.

Jirani mmoja, fundi umeme, ndiye aliyetufumbua macho. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hununua kila uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Ikivuka hapo mara kwa mara, huhamishiwa kwenye bei ya 292. Kaya sita kwenye mita moja zitakosaje kuvuka? Maskini sita tulikuwa tukilipa bei ya mwenye nyumba kubwa. Juu yake kuna kodi ya jengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Anayetangulia kununua umeme mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Jengo si lake! Kwangu hiyo ilikuwa hela ya unga.

Tukamwomba balozi wa nyumba kumi aitishe kikao, mama mwenye nyumba akaja. Mwanzoni alikataa kubeba kodi ya jengo. "Wanangu, mbona nimewapangisha kwa bei ndogo?" Nikamjibu, "Mama, umeme tunaowasha tutaulipa wote. Ila jengo ni lako, na kodi yake ni yako." Alinyamaza kidogo, kisha akakubali: kodi ya jengo ipunguzwe kwenye pango, na kila chumba kifungwe mita ndogo. Yangu niliilipia kwa awamu. Suala la maji nalo tulilimaliza hapohapo: bili tunagawana kwa idadi ya watu, bomba likipasuka analitengeneza mama mwenye nyumba. Balozi akaandika, wote tukatia sahihi.

Bei ya uniti haijashuka, maana mita ya shirika la umeme, TANESCO, bado ni ile moja. Lakini sasa najua friji inakula kiasi gani, na barafu naipangia bei kwa hesabu hiyo. Namshukuru Mungu, ada ya mwanangu imetoka humo.