Kutoka Ufundi hadi Uhandisi

Maneno fundi na mhandisi yana nasaba tofauti. Fundi ni nduguye kufunda na kufundisha. Mhandisi ni neno la asili ya Kiarabu, lililozaliwa katika taaluma ya vipimo. Katika kamusi, maneno haya hukaa kwa amani. Katika barabara itokayo Ruiru hadi Thika, hata hivyo, umbali baina yake hupimwa kwa miaka na karo.

Mathalani, kijana wa Ruiru aliyepata alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne hawezi kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja, kwani huko hudaiwa angalau C+. Hivyo huenda Thika kusomea stashahada ya uhandisi wa umeme. Kwa miaka 3 huunga nyaya, huchora saketi na kukokotoa mikondo. Akihitimu, huitwa fundi, ilhali moyo wake u katika shahada. Shahada ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka 5. Iwapo chuo kikuu hakitambui chochote alichokwisha kukisoma, safari yake itakuwa ya miaka 8, na karo ya pili italipwa na mama yule yule auzaye mboga sokoni, huku wadogo zake wakingoja zamu.

Wapo wasemao kuwa hesabu za shahada ni nzito kuliko za stashahada. Hoja hiyo ina mashiko, kwani daraja likiporomoka halibagui. Lakini pengo la hesabu hupimwa likazibwa. Haliondolewi kwa kumfundisha mtu upya kanuni ya Ohm aliyoitumia miaka 3.

Isitoshe, ngazi hii si ngeni katika eneo hilo. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja baina ya miji hiyo miwili, kilianza mwaka 1981 kikiwa chuo cha stashahada, kwa msaada wa Japani. Mwaka 1988 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Aidha, sheria ya mwaka 2014 iliweka msingi wa mfumo wa kitaifa ambamo stashahada ni ngazi ya 6 na shahada ya kwanza ni ngazi ya 7. Kwenye karatasi, basi, ni hatua moja tu.

Waama, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Lakini dafu halirudishwi kuwa kidaka ndipo liruhusiwe kukomaa.