Martini za Matrah

Nilifika Maskati mwaka 1972, kijana wa Unguja nisiyejua Kiarabu cha sokoni wala joto la kiangazi cha huko. Sultan Qaboos alikuwa ameshika ufalme miaka miwili nyuma na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi. Ami yangu alinipokea dukani kwake katika soko la Matrah. Aliuza vikuku vya fedha, majambia na bunduki kuukuu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusugua kutu.

Nyingi kati ya bunduki zile zilikuwa Martini-Henry za Kiingereza. Jeshi la Uingereza liliichukua silaha hiyo mwaka 1871. Hupiga risasi moja moja. Ukishusha wenzo ulio chini yake, kizibo cha chuma nacho hushuka na mtutu ukafunguka nyuma. Mwishoni mwa karne ya 19 Maskati ikawa bandari kubwa ya silaha. Bunduki zilivushwa kwa majahazi hadi pwani ya Makran, kisha Afghanistan na mpaka wa India, hadi Sultan Faisal bin Turki alipoweka ghala la serikali mwaka 1912 na biashara ikabanwa. Zilizobaki Oman zikawa mali ya ukoo. Masonara walizivika pete za fedha, na wazee wakazibeba harusini na kwenye ngoma ya razha.

Huko mpakani nako, mafundi wa Darra Adam Khel, kusini mwa Peshawar, walikuwa wamejifunza kuziiga kwa tupa na nyundo. Waliiga bunduki, wakaiga na mihuri. Kazi zao zilitufikia Matrah, nyingine nzima, nyingine vipande.

Ami alinifundisha kuanza upande wa kulia wa kisanduku cha mtambo. Hapo Martini ya jeshi ina taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, jina la Enfield au la kiwanda kingine, mwaka, na namba ya toleo. Fundi asiyesoma herufi za Kilatini alichora alichokiona: N ikageuka nyuma mbele, mstari ukapanda na kushuka. Nimeshika kwa mikono yangu Martini yenye V.R. na mwaka 1906, ilhali malkia alifariki Januari 1901.

Hizo zilijisema zenyewe. Iliyotaka jicho ni bunduki ya kweli iliyopachikwa kiungo cha uongo. Vita vya Dhofar, kusini mwa Oman, vilikuwa havijaisha wakati mchuuzi mmoja alipotuletea Martini nzuri mno, toleo la nne, na Mwingereza mmoja aliyekuwa dukani akaitamani palepale. Ami aliomba subira, akatandika kitambaa, akaifungua.

Kisanduku kilikuwa cha Enfield bila shaka. Lakini toleo la nne lilipewa wenzo mrefu, baada ya ganda la risasi kukwama mara nyingi katika joto na mchanga wa Sudan. Huu ulikuwa mfupi. Enfield ya kweli ina mihuri midogo ya wakaguzi, taji juu ya herufi E na namba, hata kwenye vipande ambavyo mnunuzi havioni. Kizibo hiki kilikuwa na taji moja kubwa lenye kingo kali, limepigwa juu ya mikwaruzo ya tupa. Parafujo zake hazikulingana hesi. Ndani ya mtutu, badala ya mifereji saba ya Henry, tulikuta michirizi isiyo na kina. Kutu nayo ilikuwa ya dawa: imekaa sawasawa kila mahali, hata pale ambapo mkono wa askari ungekuwa umepasugua miaka yote. Ami alisema vipande vya bunduki moja huzeeka pamoja kama mume na mke.

Mchuuzi akasema, "Sheikh, nani atajua?"

"Nitaiuza," ami alijibu, "lakini karatasini nitaandika kipi cha Enfield na kipi si chake. Na mnunuzi nitamwambia asiitie risasi, maana chuma hiki hakuna aliyekipima."

Mchuuzi akaichukua. Baadaye tulisikia imeuzwa kwingine kwa bei ya bunduki kamili.

Ami hakudharau matengenezo. Kitako kilichobadilishwa na seremala wa Nizwa, pete ya fedha ya sonara, hata bunduki nzima ya Darra iliyouzwa kwa jina la Darra, vyote alivithamini, kwa kuwa vinasimulia vilikopita. Alichokataa ni muhuri mpya unaodai umri usio wake. Kipande kipya hakina kosa mpaka mtu akipe nasaba ya uongo.

Leo vijana hunitumia picha na kuuliza bei. Nawajibu kwanza wafungue, wapige picha kila kipande pande zote, waandike kilichobadilishwa na nani alikibadilisha, na karatasi hiyo ikae na bunduki. Muhuri mmoja wa uongo huwafanya watu waitilie shaka hata mihuri ya kweli iliyo jirani yake, na ushahidi huo ukishaharibika hakuna fundi wa kuurudisha. Mjukuu atakayeirithi ana haki ya kujua alichoachiwa.